Gari Litalala Wapi? Ushauri kwa Wenye Magari na Wakazi wa Mitaa ya Kisii na Nyamira

Mtu anayenunua gari Kisii au Nyamira huuliza mengi kabla ya kutoa pesa zake: linakunywa mafuta kiasi gani, vipuri vyake vinapatikana mjini au mpaka Nairobi, litaupanda mlima wa kwao wakati wa mvua au litamlaza njiani. Swali ambalo wengi hawaulizi ni moja: likirudi jioni, litalala wapi? Jibu huja lenyewe usiku wa kwanza. Gari huachwa palipo wazi, aghalabu kwenye njia iliyo mbele ya ploti, magurudumu mawili juu ya mtaro na mawili barabarani. Jirani akinunua lake naye hufuata. Kisha huhamia mpangaji mwenye kanta, na mwingine anayeendesha matatu ya tajiri wake na kurudi nayo kila usiku. Hakuna kati yao aliyekusudia ubaya, lakini njia iliyopimiwa watu wote imegeuka yadi. Ninachotetea hapa ni kwamba gari litafutiwe mahali pa kulala kabla halijanunuliwa, na pale ambapo magari tayari yamejaa, wakazi waandikiane masharti ya kuyalaza, hasa yale makubwa, bila kungoja kanjo waje na minyororo yao. Sipendekezi magari yafukuzwe mitaani. Napendekeza njia ibaki njia.

Ugumu wa jambo hili kwetu unaanzia kwenye ardhi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 katika Kaunti ya Nyamira. Kisii ina zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita mraba, na Nyamira zaidi ya 600. Hiyo ni hesabu ya kaunti nzima, pamoja na migomba na mashamba ya majani chai. Mitaa kama Mwembe, Jogoo, Nyanchwa na Daraja Mbili imebanana kuliko hapo kwa mbali. Tena mji wa Kisii umekaa juu ya vilima. Nyumba zinashuka mteremko moja chini ya nyingine, na njia nyingi za kufikia ploti hazikuchorwa na mpangaji wa mji. Zilitokana na familia kugawa shamba la baba, kila ndugu akaacha kipande kidogo ili mwenzake apite. Njia iliyoachiwa mtu, ng'ombe na mkokoteni leo inapokea lori la mchanga na wapangaji wa gorofa nne. Nyamira, Keroka, Ogembo, Suneka na Nyansiongo hazijafika mbali hivyo, na kwa sababu hiyo wakazi wa huko ndio wenye nafasi nzuri zaidi ya kulishughulikia jambo hili lingali rahisi.

Chukua futi kamba uipime njia ya mtaa wako. Katika ramani nyingi za kugawa ploti, njia ndogo ya kuingilia hupewa mita 6, na iliyo kubwa kidogo mita 9. Tuseme yako ni ya mita 6 kutoka ua hadi ua. Mtaro wa maji ya mvua unachukua karibu nusu mita au zaidi, kwa hiyo zimebaki mita 5 na nusu hivi. Probox, gari ambalo limejaa Kisii na Nyamira, lina upana wa karibu mita 1.7. Moja likiegeshwa upande huu na jingine ng'ambo yake, zaidi ya mita 3 zimekwisha, na katikati pamesalia mita 2 tu na ushee. Ambulensi ya Land Cruiser, yenye upana wa karibu mita 1.8 bila kuhesabu vioo vya pembeni, itapita kwa kujikuna, dereva akiwa ametoa kichwa dirishani na mtu mwingine akimwelekeza kwa mkono. Gari la zimamoto, ambalo upana wake hufika mita 2 na nusu, halitapita kabisa. Sasa ondoa Probox moja, magari yote yawe upande mmoja. Papo hapo unapata karibu mita 4, na gari la zimamoto linapita. Tofauti kati ya nyumba kuokolewa na nyumba kuteketea imo katika kukubaliana upande. Ukiweka kanta au basi la shule mahali pa Probox, hesabu inaharibika tena hata kwa upande mmoja, maana basi lenye upana wa mita 2 na nusu huacha mita 3 pungufu, na kwenye kona hata hizo hazitoshi.

Hapo ndipo msingi wa hoja yangu ulipo, na ndiyo maana naanza na upana wa njia kabla ya kugusa ada, stika au faini. Mjadala wa maegesho ukianzia kwenye ada, kila mtu hutetea mfuko wake. Ukianzia kwenye swali la kama mama mwenye uchungu saa nane usiku ataweza kutolewa mtaani hadi Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii bila kwanza kuamsha wenye magari watatu, ni vigumu mtu kubisha.

Sheria yenyewe inasemaje? Iko wazi kuliko watu wanavyodhani, ila imetawanyika. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, inazipa serikali za kaunti barabara za kaunti, taa za barabarani, trafiki na maegesho. Kifungu cha 62 kinaziweka barabara zilizotambuliwa na sheria katika fungu la ardhi ya umma. Kwa hiyo kipande cha barabara kilicho mbele ya lango lako si chako, hata kama wewe ndiwe unayekifagia na uliyemwaga kokoto. Huwezi kukiwekea mawe yaliyopakwa chokaa ili mwingine asiegeshe, na jirani naye hawezi kukugeuzia lango lako kuwa ukuta kwa kuegesha mbele yake. Juu ya sheria za kaunti ipo Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, ambayo ni ya nchi nzima. Kifungu chake cha 53 kinakataza gari kuachwa barabarani mahali ambapo linazuia, au linaelekea kuzuia, au kuhatarisha watumiaji wengine, na kinataka gari lililosimama lisogezwe kando kabisa kadiri iwezekanavyo. Hakuna ada utakayolipa kaunti ikakupa ruhusa ya kuivunja hiyo. Risiti ya maegesho ni ya kulipia nafasi halali, na haiwezi kuhalalisha kuziba njia.

Ni vyema pia ujue barabara unayolalamikia ni ya nani, maana malalamiko yanayopelekwa ofisi isiyohusika huishia kwenye faili. Barabara ya A1 inayopita Kisii kutoka Ahero kuelekea Migori na Isebania iko chini ya Mamlaka ya Barabara Kuu, KeNHA. Barabara nyingine za kitaifa za mijini zina KURA, na za mashambani zina KeRRA. Njia za ndani ya mitaa kwa kawaida ni za kaunti. Kisha kuna zile nilizozitaja, zilizozaliwa na mgawanyo wa mashamba ya familia: baadhi hazikuwahi kukabidhiwa serikali, na kwenye hati bado ni ardhi ya mtu. Nenda ofisi ya ardhi uombe nakala ya ramani ya usajili ya eneo lako. Ikiwa njia imechorwa humo kama barabara, kwa kawaida ni ya umma. Ikiwa haimo, huenda kanjo asiwe na la kufanya hapo, na mkataba wa majirani ndio ulinzi wa kwanza mlio nao. Naona watu wengi wakipigana mwaka mzima juu ya kichochoro ambacho hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukiangalia kwenye ramani.

Wapo watakaosema kwamba haya ya kutafutia gari mahali pa kulala kabla ya kulinunua ni mambo ya Ulaya. Siyo. Magari tunayoyaendesha yanatoka Japani, na huko Japani sheria ya 1962 ilimtaka mnunuzi aende kwanza kituo cha polisi akapate cheti cha kuthibitisha kwamba ana mahali pa kuliegesha gari nje ya barabara. Mahali hapo lazima pawe ndani ya kilomita 2 kutoka anapoishi. Kwa miaka mingi waliopata cheti walibandika stika ndogo ya mviringo kwenye kioo cha nyuma, na baadhi ya Probox na Vitz zilizofika hapa bado zinayo, yenye maandishi ya Kijapani ambayo mnunuzi wa Kisii hudhani ni ya bima. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo gari hilo juzijuzi tu lilikuwa na mahali pake pa kulala palipokaguliwa na polisi. Japani nayo ni nchi ya milima, yenye watu waliobanana mijini na vichochoro vyembamba mno. Tumeleta gari tukaiacha kanuni iliyolifanya liwezekane katika mji wa namna hiyo.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na familia zetu. Abagusii wengi wamehamia jimbo la Minnesota nchini Marekani, na walioko mji wa Minneapolis wanaishi chini ya masharti ambayo hapa yangeitwa uonevu. Gari haliruhusiwi kukaa zaidi ya saa 72 mahali pamoja barabarani. Theluji nyingi ikianguka na mji ukatangaza dharura, usiku wa kwanza hakuna kuegesha kwenye barabara kuu zilizotengwa. Siku ya pili mchana, kwenye njia nyingine, huachwa wazi upande wa nyumba zenye namba shufwa. Siku ya tatu upande wa witiri, ili matrekta ya kusomba theluji yapite. Miji mingi ya Marekani ina masharti pia kuhusu trela, mashua na yale magari makubwa ya matembezi ambayo watu hulala ndani yake: yasiachwe mtaani, yawekwe ndani ya ua au kwenye yadi za kulipia. Ndugu zetu huko wanayafuata haya yote bila kelele, kwa sababu wanajua gari litaburutwa. Hatuna theluji wala magari ya matembezi ya kulala ndani, lakini tuna mvua inayozidi milimita 1,500 kwa mwaka, na tuna malori. Mtu anayeweza kukumbuka upande wa shufwa na witiri akiwa Minneapolis hawezi kushindwa kukumbuka upande wa kulia akija Nyanchwa mwezi wa Desemba.

Malori, makanta, mabasi ya shule na matatu ndiyo kiini cha ugomvi, na hapa pingamizi lina uzito. Dereva wa lori atakwambia kwamba gari hilo ndilo unga wa watoto wake, na kwamba akiliacha mbali usiku ataamka betri haipo, mafuta yamefyonzwa na taa zimeng'olewa. Anasema kweli. Kwa mtu anayebeba ndizi usiku kwenda Nairobi au mawe ya Tabaka kwa wanunuzi, kulipoteza gari siku mbili ni kupoteza mteja. Kwa hiyo anayetaka malori yatoke mtaani bila kuonyesha yatalala wapi hajatoa ushauri, ameudhi watu tu. Jibu langu ni kwamba usalama anaoutafuta dereva kwa kulala karibu na gari unaweza kununuliwa kwa pamoja kwa bei nafuu zaidi. Magari makubwa kumi yanayolala mahali pamoja yanahitaji mlinzi mmoja au wawili, taa mbili na lango. Magari hayo hayo yakitawanyika vichochoroni, kila mwenye gari analala nusu macho na mtaa mzima nao haulali, maana injini ya lori inayopashwa moto saa kumi alfajiri haichagui dirisha.

Na ardhi ya yadi itatoka wapi, katika kaunti ambako hata mpaka wa migomba huzua kesi? Sidhani inabidi kununua ardhi mpya. Tunahitaji kuangalia ardhi ambayo mchana ina kazi na usiku haina: viwanja vya masoko, viwanja vya makanisa, viwanja vya shule vilivyo kando ya barabara pana. Makanisa ya Waadventista, ambayo yameenea Gusii nzima, huwa na viwanja vikubwa vinavyojaa siku ya Sabato na kubaki vitupu usiku mwingi wa juma. Kamati ya kanisa ikikubali magari sita yalale kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, isipokuwa Ijumaa na Jumamosi, inapata pesa za kulipa mlinzi wake yenyewe. Kinachotakiwa ni maandishi: magari mangapi na ya namba zipi, nani anashika ufunguo, nani anawajibika oili ikimwagika uwanjani, na notisi ya muda gani itatolewa kukiwa na mkutano wa injili au harusi. Pasipo maandishi hayo, ugomvi wa kwanza utalifunga lango kwa miaka mitano. Kwa shule, napendekeza uangalifu zaidi. Uwanja usitumike hata kidogo ikiwa kuna bweni ndani ya ua huo huo, na mwenye lori asipewe njia ya kuingia ila lango la uwanja huo.

Mkataba wa mtaa wenyewe usiwe mrefu. Ukizidi ukurasa mmoja hakuna atakayeusoma. Useme magari yaegeshwe upande upi wa kila njia, na uchague upande usio na mtaro mkuu na usio na malango mengi. Useme kona zote ziachwe wazi kwa urefu wa gari moja, kwa sababu gari refu halikati kona palipo na Probox limekaa puani. Utaje ukubwa wa gari lisiloruhusiwa kulala njiani, na hapo ni bora kutumia kipimo cha upana na urefu kuliko jina la aina ya gari, watu wasije wakabishana kama Hiace ni matatu au ni gari la nyumbani. Uweke muda ambao gari bovu linaweza kukaa juu ya mawe kabla mwenyewe hajaliondoa. Wiki moja inatosha kutafuta fundi, na anayehitaji miezi sita anahitaji ploti. Kila mwenye gari aandike namba yake ya simu kwenye karatasi na kuiweka nyuma ya kioo cha mbele. Hili dogo la namba ya simu linaokoa ugomvi mwingi kuliko masharti mengine yote, na halimgharimu mtu chochote. Wasaini wenye nyumba pamoja na wapangaji, maana mwenye ploti mara nyingi haishi hapo na mpangaji akihama anaondoka na ahadi yake. Kamati ya Nyumba Kumi na naibu wa chifu wapewe nakala, wawe mashahidi bila kugeuzwa polisi.

Jambo moja mkataba hauwezi kufanya ni kumpa jirani mamlaka ya kuadhibu. Kutoboa gurudumu, kuvunja kioo cha pembeni, kulifunga gari la mwenzako kwa mnyororo wako au kulisukuma bondeni ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, hata kama gari hilo limekuziba tangu asubuhi. Piga picha inayoonyesha namba ya gari na jinsi linavyozuia, mpigie mwenyewe, na asipoitika ripoti kwa polisi wa trafiki ukitaja kifungu cha 53. Ukiwa na mgonjwa ndani, piga 999 au 112 na useme wazi kwamba njia imezibwa.

Ardhi ya mteremko ina masharti yake, na nashangaa kwamba hayazungumzwi. Kwenye mitaa ya Kisii utaona dereva akisimamisha gari mlimani, anatelemka, anatafuta jiwe kubwa na kulisukumiza nyuma ya gurudumu. Hiyo ni busara. Tatizo ni asubuhi: gari linaondoka, jiwe linabaki katikati ya njia. Ifikapo usiku wa pili, mtu wa bodaboda asiye na taa nzuri analipanda jiwe hilo na abiria mgongoni. Beba kipande cha mbao kilichokatwa kimraba, ukifunge kamba kwenye ndoano ya gari, na uondoke nacho. Usitegemee breki ya mkono peke yake; acha gari ndani ya gia, ya kwanza likiwa limeelekea juu na ya nyuma likiwa limeelekea chini, kisha kunja usukani ili gurudumu likibingirika ligonge ukingo badala ya kuelekea nyumba iliyo chini. Na usiegeshe juu ya mtaro. Gurudumu linaponda kingo za udongo, takataka zinakwama chini ya gari, na mvua ya saa tisa alasiri inatafuta njia nyingine, ambayo mara nyingi ni mlango wa mpangaji wa chumba cha chini. Yule anayelalamika kila masika kwamba kaunti haizibui mitaro na huku gari lake limelala juu ya mtaro hana budi aanze na gari lake.

Misimu ya shughuli inahitaji ruhusa ya pekee. Novemba na Desemba ni wakati wa tohara na wa watu kurudi kutoka Nairobi, Mombasa na ng'ambo. Matanga hayana msimu. Mahema hupigwa njiani na mabasi hujipanga pande zote mbili. Sioni haja ya kuyapiga marufuku, kwa kuwa jamii isiyoweza kukusanyika kwa maziko na furaha imepoteza kitu kikubwa zaidi ya maegesho. Lakini mwenye shughuli awaarifu majirani siku mbili tatu kabla, apate kibali cha kaunti hema likifunga barabara ya umma, ateue vijana wawili wa kupanga magari, na aache upenyo wa mita 3 na nusu wakati wote. Mabasi yashushe watu kisha yakangoje kwenye uwanja ulio wazi.

Pingamizi ninaloliogopa zaidi ni la wale wanaosema: mkianza kuzungumzia maegesho mitaani, mtawaletea kanjo, nao wataleta ada. Hofu hiyo ina sababu, kwa kuwa kaunti zote zinatafuta mapato na maegesho ni rahisi kukusanya. Kinga yake ni kujua mipaka. Kifungu cha 210 cha Katiba hakiruhusu kodi wala ada ya leseni kutozwa ila kwa mujibu wa sheria. Ada za kaunti huwekwa kupitia sheria ya fedha ya kaunti, ambayo ni lazima ipite katika bunge la kaunti baada ya wananchi kushirikishwa. Anayekutoza mtaani akuonyeshe kitambulisho, akupe risiti ya kaunti au ujumbe wa malipo kwenda akaunti ya kaunti, na akutajie ada hiyo imo sehemu gani ya sheria. Asiyeweza kufanya hivyo usimpe pesa mkononi. Kwa Keroka jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu mji huo uko mpakani na kaunti mbili zimevutana kwa muda mrefu juu ya nani anakusanya mapato hapo. Tunza risiti zako zikiwa na jina la kaunti na tarehe, usije ukalipa mara mbili. Na ukumbuke kwamba mvutano huo haugusi Sheria ya Trafiki hata kidogo: gari lililoziba njia Keroka limevunja sheria ile ile, liwe limesimama upande wa Kisii au wa Nyamira.

Wenye nyumba wana sehemu yao, na kwangu mimi ndio wenye deni kubwa kuliko wenye magari. Chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, jengo hupata kibali cha kaunti kabla ya kujengwa, na ramani inayopelekwa kuombea kibali hicho mara nyingi huonyesha maegesho chini. Jengo likikamilika, nafasi hiyo huonekana ni pesa inayolala bure: inawekwa milango ya chuma na kukodishwa kuwa kinyozi, duka la M-Pesa na duka la vinywaji. Magari yaliyokusudiwa kulala humo yanahamia barabarani, na gharama ya uamuzi wa mtu mmoja inabebwa na mtaa mzima. Mpangaji mwenye gari, kabla hujalipa amana ya nyumba, uliza gari litalala wapi na uandikiwe kwenye mkataba. Ukiambiwa "utapaki tu hapo nje", jua nyumba hiyo ina upungufu, na bei yake ishuke. Mwenye nyumba anayepanga kujenga akumbuke kwamba mpangaji mwenye gari ndiye mara nyingi mwenye mshahara wa kila mwezi. Nafasi nne za magari zinaweza kumletea wapangaji wanaokaa.

Mtaa ukishaelewana na yadi ikabaki ndiyo kazi isiyowezekana bila serikali, kuna njia ya kuidai, na kalenda yake haisubiri mtu. Kifungu cha 88 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinampa mwananchi haki ya kuwasilisha ombi kwa kaunti juu ya jambo lolote lililo chini yake. Andikeni ombi fupi lenye ramani ya mtaa, vipimo vya njia, idadi ya magari makubwa mliyoyahesabu wenyewe kwa usiku kadhaa, na kiwanja cha umma mnachopendekeza. Pelekeni kwa msimamizi wa wadi, kwa mwakilishi wadi na, kwa mji wa Kisii, kwa manispaa, na kila ofisi igonge muhuri kwenye nakala yenu. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma inataka mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata ufikishwe bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, waraka wa mikakati ya fedha kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Ombi linalofika Mei, bajeti ikiwa tayari mezani, hujibiwa kwamba hakuna pesa, na jibu hilo huwa la kweli. Ili yadi ya malori iingie katika mwaka wa fedha unaoanza Julai ya mwaka ujao, karatasi zenu ziwe zimefika Julai au Agosti ya mwaka huu, na watu kumi wa mtaa wawe tayari kuhudhuria kikao cha wadi siku itakapotangazwa, kila mmoja akiwa na nakala ya ombi mkononi.